Deni la Njia: Historia ya Baiskeli Ikwiriri na Bonde la Rufiji

Kabla baiskeli haijafika Rufiji, jasho la watu wa huku kusini lilikuwa limekwisha kuingia kwenye magurudumu yake. Mwaka 1885, katika mji wa Coventry nchini Uingereza, John Kemp Starley alitoa baiskeli yenye magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa na mnyororo unaovuta gurudumu la nyuma. Miaka mitatu baadaye, mjini Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alisajili tairi la kujazwa upepo. Chombo kilichokuwa kikimtikisa mpandaji mpaka mifupa sasa kilienda kwa ulaini, na watu wa Ulaya na Marekani wakakigombania. Kila chombo kilihitaji mpira.

Wakati huo mashamba makubwa ya mpira ya Asia yalikuwa bado hayajaanza kutoa mavuno ya maana. Mpira ulitafutwa porini: Amazon, Kongo, na katika misitu ya kusini mwa nchi ambayo Wajerumani waliitawala kama Afrika Mashariki yao. Katika vilima vya Umatumbi, na kwenda magharibi hadi Liwale, watu walichanja mimea itambaayo ya jamii ya mtoria, wakakinga utomvu, wakauvingirisha kuwa madonge, wakayabeba hadi Kilwa ili yapakiwe melini. Kodi ya nyumba ilipoanza kukusanywa mwaka 1898, donge la mpira likawa njia mojawapo ya kuipata fedha ya serikali. Sehemu ya mpira ule iliishia kwenye matairi ya watu wa miji ya mbali. Walioutoa msituni waliendelea kwenda kwa miguu.

Njia walizozikanyaga zilikuwa nyembamba, za mtu mmoja nyuma ya mwenzake, zikikwepa visiki na kufuata miinuko. Kwa njia za namna hiyo habari za maji ya dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale zilitoka Ngarambe zikaenea kijiji kwa kijiji, mpaka Julai 1905 wakulima wa Nandete walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima na Vita vya Majimaji vikaanza. Kinjikitile alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro, kusini mwa mto, tarehe 4 Agosti mwaka huohuo. Biashara ya mpira wa porini nayo haikudumu: kufikia 1913 mpira wa Asia ulikuwa umejaza soko na bei ikaanguka. Zilizobaki ni zile njia nyembamba. Upana wake ulimtosha mtu na mzigo wake, na miaka michache baadaye ukaonekana kumtosha mtu na baiskeli yake.

Nchi isiyo na punda

Ili kuelewa kwa nini baiskeli ilipata heshima kubwa Rufiji, lazima kwanza kuitazama nchi yenyewe. Mto Rufiji huanzia pale Kilombero inapokutana na Luwegu, hupokea maji ya Ruaha Mkuu, hupenya kwenye korongo la Stiegler, kisha hutoka Mloka na kutambaa bondeni ukielekea baharini. Mwisho wake ni delta ya mikoko yenye ukubwa wa hekta zipatazo 53,000, msitu mkubwa kuliko yote ya aina hiyo katika pwani ya Afrika Mashariki. Kati ya Mloka na delta kuna bonde pana ambalo maji ya masika hulifunika na kuliachia tope lenye rutuba. Maji yakishuka, wakulima hupanda mahindi, kunde na maboga kwenye unyevu ulioachwa, kilimo ambacho Warufiji hukiita mlau. Mpunga nao hufuata mvua na mafuriko. Mafuriko yakiwa ya kiasi ni baraka, yakizidi ni njaa.

Katika nchi ya namna hii mzigo ni mzito na njia ni ndefu, lakini mnyama wa kuubeba hayupo. Mbung'o waliojaa kwenye vichaka na misitu waliwazuia ng'ombe na punda kustawi. Usukumani mkulima angeweza kumfunga ng'ombe kwenye mkokoteni. Rufiji alikuwa na mtumbwi pale maji yalipofika, na kichwa chake pale yalipoishia. Mzigo wa kawaida wa mpagazi wa zama za misafara haukuzidi sana kilo 27, kwa kuwa shingo na mgongo vina kikomo. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Rufiji, meli ya kivita ya Kijerumani Königsberg ikizamishwa deltani Julai 1915 na majeshi yakikwama kwenye mvua za 1917, mizigo ya pande zote mbili ilibebwa na wapagazi. Makumi ya maelfu yao walikufa Afrika Mashariki kwa njaa, maradhi na uchovu. Ni vigumu kupata kipimo kikali zaidi cha gharama ya nchi kukosa chombo cha kubebea.

Baiskeli za mwanzo zilikuja na watu wa ofisi na misheni. Baada ya vita, chini ya utawala wa Waingereza, zikawa chombo cha karani, mwalimu, mganga wa zahanati na bwana shamba. Kisha, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, bei ya mazao ilipopanda, wakulima nao walianza kuzinunua. Zilizosifika zilikuwa za Kiingereza, kama Raleigh ya Nottingham: fremu ya chuma nene, magurudumu makubwa, keria ya nyuma inayoweza kukaliwa na mtu mzima au kufungiwa gunia. Mwenye baiskeli alilipia leseni kwa mamlaka za wilaya kama vile mwenye gari alivyolipia yake. Hilo peke yake linaonyesha thamani ya chombo hiki: serikali haitozi ushuru kwenye kitu kisicho na maana.

Keria ndiyo iliyobadilisha hesabu. Kilichohitaji wapagazi watatu sasa kilibebwa na mtu mmoja, akiendesha pale njia ilipokaza na akisukuma pale mchanga ulipolegea. Na kusukuma si kushindwa. Mkulima wa Rufiji aliijua baiskeli kama chombo cha kubebea kwanza, na cha kupanda baadaye. Gunia zima la mpunga, ambalo hakuna kichwa kingeweza kulihimili kwa saa mbili, lilitoka shambani likiegemea fremu.

Katika miaka hiyohiyo serikali ya kikoloni ilijaribu njia nyingine. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi katikati ya miaka ya 1950 uliendeshwa mradi wa kulima bonde la Rufiji kwa matrekta. Mradi ulikufa. Bonde lenye udongo wa mfinyanzi, maji yasiyotii kalenda na wakulima wenye ratiba zao za kale halikukubali mashine iliyopangiwa nchi nyingine. Trekta liliondoka na baiskeli ikabaki, kwa sababu ilikubali kupita kwenye njia iliyopo, ilibebeka mabegani au mtumbwini pale maji yalipokatiza, na ilitengenezeka chini ya mwembe.

Mwaka wa mafuriko

Mpaka hapo, hata hivyo, wakulima wengi wa Rufiji hawakuhitaji baiskeli ili kufika shambani. Waliishi bondeni, kwenye miinuko midogo iliyo juu ya kingo za mto, na mashamba yao yalianzia nyuma ya nyumba. Safari ndefu ilikuwa ya sokoni, hospitali au bomani. Ya shambani ilikuwa fupi.

Mwaka 1968 ulibadilisha mpangilio huo. Mafuriko makubwa yalifunika bonde, mazao yakaenda na maji, na serikali ya Tanzania ikalazimika kupeleka chakula. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka mmoja tu kabla, na wazo la kuwakusanya watu katika vijiji vya Ujamaa lilikuwa linatafuta mahali pa kuanzia. Rufiji ikawa mahali hapo. Katika kilichojulikana kama Operesheni Rufiji, kati ya 1968 na 1969, watu waliondolewa bondeni na kupandishwa kwenye ardhi ya juu, kaskazini na kusini mwa mto. Ikwiriri, iliyo kwenye miinuko ya kaskazini kando ya barabara ya Kilwa, ilipokea watu wengi na ikaanza kukua mpaka kufikia mji wa leo wenye kata za Ikwiriri, Umwe na Mgomba. Miaka michache baadaye nchi nzima ingepitia Operesheni Vijiji, lakini Rufiji ilikuwa imetangulia.

Sababu zilizotolewa hazikuwa za uongo. Watu waliokusanyika ni rahisi kuwajengea shule, zahanati na kisima, na watoto wengi wa Ikwiriri walipata darasa kwa sababu ya uamuzi huo. Lakini ardhi ya juu ni ya kichanga na haina rutuba ya bonde. Inafaa mikorosho, minazi na mihogo. Chakula chenyewe, mpunga na mahindi ya mlau, kiliendelea kutoka kulekule chini. Nyumba zilihamishwa, mashamba hayakuweza kuhamishwa. Kati ya nyumba na shamba pakazaliwa umbali ambao haukuwapo, saa nzima au zaidi kwa miguu kwa familia nyingi, na kwa wengine mto wenyewe ukiwa katikati.

Hapo ndipo historia ya baiskeli Ikwiriri inapoanza kwa kweli. Mkulima alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kulala shambani. Akijenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, aliweza kukaa miezi kadhaa akilinda mazao dhidi ya nguruwe pori, nyani na kwerea, huku watoto wakibaki kijijini kwa ajili ya shule. Familia ikagawanyika kwa msimu. Njia ya pili ilikuwa kwenda na kurudi, na anayekwenda na kurudi kila siku na jembe, maji, mbegu na baadaye mavuno, alihitaji magurudumu. Wengi walichanganya njia zote mbili: dungu kwa siku za ulinzi, baiskeli kwa siku za kazi, na baiskeli hiyohiyo ikipeleka unga dunguni na kurudisha samaki nyumbani.

Nalitaja jambo hili kwa msisitizo kwa sababu mara nyingi baiskeli ya kijijini huelezwa kama alama ya umaskini, kitu cha mtu anayesubiri kupata pikipiki. Historia ya Ikwiriri inasema vingine. Baiskeli ilikuwa jibu la wananchi kwa uamuzi wa serikali. Anayewahamisha watu bila kuweza kuhamisha mashamba yao anabaki na deni la njia. Deni hilo halikuandikwa katika mpango wowote, na wakulima walilipa wenyewe kwa fedha ya korosho, mpunga na samaki, baiskeli moja baada ya nyingine.

Walilipa kwa usawa mdogo. Baiskeli ya nyumbani kwa kawaida ilikuwa ya mwanamume. Mwanamke, ambaye ndiye aliyepalilia, aliyefukuza ndege na aliyebeba maji na kuni, aliendelea kubeba kichwani au kupewa nafasi kwenye keria siku ambayo mume alikuwa na safari ya upande huo. Utafiti wa usafiri wa vijijini uliofanyika Makete, nyanda za juu kusini, kuanzia katikati ya miaka ya 1980 ulionyesha wazi kilichokuwa kikitokea sehemu nyingi za nchi: safari nyingi za familia ya mkulima hazipiti kabisa kwenye barabara ya magari. Zinapita kwenye njia za miguu, kwenda kisimani, msituni, shambani na mashineni, na mzigo mkubwa wa safari hizo uko kwenye vichwa vya wanawake.

Mafundi wa zama za uhaba

Serikali ya Mwalimu Nyerere ilitambua kwamba taifa la wakulima linahitaji baiskeli. Kampuni ya umma ya NABICO, jijini Dar es Salaam, ilitengeneza baiskeli za Swala, na jina hilo likawa maarufu hadi vijijini. Lakini uchumi ulikuwa unabanwa kila upande. Bei ya mafuta ilipanda 1973 na tena 1979, vita ya Kagera ikala fedha za kigeni, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 duka la kijiji lilikuwa na rafu tupu. Tairi, tyubu, spoku, gololi, hata solusheni ya kuzibia pancha, vyote vilikuwa vya kutafutwa kwa kujuana.

Hapo fundi baiskeli akawa mtu mkubwa. Karakana yake ilikuwa kivuli cha mti, pampu, beseni la maji la kutafutia tundu la tyubu, na kopo la skrubu zilizookotwa miaka mingi. Tairi lililochanika lilishonwa kwa uzi mgumu na kuwekewa ndani kipande cha tairi kuukuu. Tyubu ilipigwa kiraka juu ya kiraka. Fremu iliyokatika ilichomelewa na kuongezewa chuma, keria ikaimarishwa kwa nondo ili ibebe gunia la mkaa. Fundi aliujua mwili wa kila baiskeli ya mtaa wake na aliweza kusema, kwa kuisikia tu ikija, kwamba friweli imekwisha. Ujuzi huu haukufundishwa darasani. Ulipita kutoka kwa fundi kwenda kwa kijana aliyeshika pampu.

Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti, ikawaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi mlango ukafunguka zaidi. Baiskeli za China, Phoenix zikiwa mbele, na za India, kama Hero na Avon, zilimiminika. Bei ilipungua kwa kulinganisha na pato la mkulima, na vipuri vikawa vitu vya kununua sokoni badala ya kuombea. Miaka ya 1990 ndiyo iliyokuwa kilele. Barabarani kati ya Kibiti na Ikwiriri, na kwenye njia ya Mkongo kuelekea Mloka, baiskeli zilibeba mkaa, kuni, mikungu ya ndizi, vikapu vya kambale na perege waliokaushwa, wagonjwa, maharusi na wanafunzi. Huu ulikuwa utamaduni kamili wa baiskeli. Ulikuwa na mafundi, soko la vipuri, adabu za kupishana njiani, na watoto waliojifunza kuendesha wakiwa wamepenyeza mguu chini ya mtalimbo kwa sababu kiti hawakukifikia. Ulikosa kitu kimoja tu: hata mita moja ya barabara iliyojengwa kwa kuufikiria.

Daraja na baada ya daraja

Kwa miongo mingi aliyetaka kwenda kusini zaidi ya Ikwiriri alisubiri kivuko. Pale Ndundu pantoni ilivusha magari na watu, na mto ulipojaa au mtambo ulipoharibika, Lindi na Mtwara zilikatwa na Dar es Salaam kwa siku au wiki. Agosti 2003 lilifunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, likiitwa jina la Rais Benjamin Mkapa, mwenyeji wa Masasi. Ulikuwa ushindi wa kweli kwa watu wa kusini, na haufai kupunguzwa thamani. Lami ilifuata kwa vipande, na kipande cha mwisho kigumu, kilomita 60 kutoka Ndundu hadi Somanga, kilikamilika katikati ya miaka ya 2010.

Daraja lilibadilisha mwendo wa kila kitu. Magogo ya misitu ya Rufiji na Kilwa yalipata njia ya haraka kwenda bandarini, na katika miaka michache ya mwanzo biashara hiyo ilifurika kuliko uwezo wa serikali kuisimamia. Mabasi ya Mtwara na malori ya korosho yakaanza kupita katikati ya Ikwiriri kwa kasi ambayo mji haukuwahi kuiona. Wakati huohuo bondeni hali ilikuwa ya kale. Kati ya 2002 na Aprili 2004 simba mla watu aliua zaidi ya watu 30 katika vijiji vya Rufiji kabla ya kuuawa na askari wa wanyamapori. Kwa mkulima wa miaka ile, kufika nyumbani kabla giza halijaingia kulikuwa suala la uhai, na dungu halikuwa tena mahali pa kulala kwa amani.

Kisha ikaja pikipiki. Pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilienea nchini mwishoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2010 kanuni za usafirishaji zikaitambua rasmi bodaboda kama biashara ya kubeba abiria. Kwa mgonjwa wa usiku na mama mjamzito ilikuwa neema, na kwa vijana ilikuwa ajira. Lakini pikipiki inakula petroli, na petroli inataka fedha taslimu kila siku, wakati mkulima hupata fedha mara moja au mbili kwa mwaka. Mwaka 2017, wakati wa mauaji yaliyozitikisa Kibiti, Rufiji na Mkuranga, polisi walipiga marufuku pikipiki kutembea usiku katika wilaya hizo, na watu wakakumbuka jinsi maisha yao yalivyokuwa yameegemea chombo kimoja.

Baiskeli haikutoweka. Ilisukumwa pembeni, na hapa nasema kwa maana halisi ya pembeni. Barabara kuu iliyojengwa juu ya njia ya waendesha baiskeli haikuwaachia sehemu yao. Mwenye gunia la mkaa kwenye keria anaendesha kwenye ukingo wa lami, na lori linapokuja nyuma na basi mbele, hana budi kushukia kwenye mchanga, ambako gurudumu lenye mzigo huzama na kuyumba. Uzoefu wake wa miaka 30 hauwezi kumlinda na kasi ya kilomita 80 kwa saa.

Yaliyojaribiwa kwingine

Si kweli kwamba Tanzania haijawahi kufikiri juu ya jambo hili. Katika miaka ya 1990, Morogoro na Temeke zilichaguliwa kwa mradi wa majaribio wa usafiri usiotumia injini, sambamba na Eldoret na Nairobi nchini Kenya. Zilijengwa njia za baiskeli, vivuko vya waenda kwa miguu vilivyoinuliwa kama tuta ili gari lilazimike kupunguza mwendo, na madaraja madogo ya kuunganisha mitaa. Wataalamu Marius de Langen na Rustica Tembele walikusanya mafunzo hayo katika kitabu cha mwongozo mwaka 2001. Jijini Dar es Salaam, Umoja wa Waendesha Baiskeli, UWABA, umedai kwa miaka mingi kwamba anayeendesha baiskeli ahesabiwe kama mtumiaji halali wa barabara. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016, njia za baiskeli zilijengwa kando ya barabara ya Morogoro. Tatizo likaonekana upesi: njia isiyolindwa kwa ukingo na usimamizi huvamiwa na bodaboda na meza za wafanyabiashara.

Uholanzi, ambayo leo hutajwa kama nchi ya baiskeli, ina somo la karibu zaidi kuliko tunavyodhani. Waholanzi walikuwa na utamaduni wa baiskeli kama wa Ikwiriri, na baada ya Vita Kuu ya Pili wakaanza kuupoteza kwa ajili ya magari. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 3,000 nchini mwao, mamia yao wakiwa watoto. Wazazi waliandamana, upungufu wa mafuta wa 1973 ukawaongezea nguvu, na serikali ikaanza kujenga njia zilizotenganishwa na magari. Hawakuanza kwa kuwafundisha watu kupenda baiskeli. Walianza kwa kuwalinda wale ambao tayari walikuwa wanaendesha.

Ikwiriri iko katika hatua hiyo. Haihitaji kampeni ya kuwashawishi watu wapande baiskeli. Inahitaji barabara inayowakubali. TANROADS, yenye dhamana ya barabara kuu, inaweza kujenga njia ya pembeni, yenye upana wa kutosha baiskeli yenye gunia na kutenganishwa kwa ukingo, kuanzia pale mji unapoanza hadi unapoishia, pamoja na vivuko vilivyoinuliwa mbele ya shule na soko. TARURA, iliyoundwa 2017 kwa ajili ya barabara za mitaa na vijiji, inaweza kuzihesabu njia za bondeni kama sehemu ya kazi yake: kuinua tuta pale panapotuama maji, kuweka karavati pale mkondo unapokatiza, na daraja jembamba pale ambapo leo watu hupita juu ya gogo wakiwa wamebeba baiskeli begani. Hizi si kazi za mabilioni. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Ikwiriri ni mahali panapofaa kuwapokea vijana wa kike na wa kiume wajifunze ufundi wa baiskeli na wa guta za kubebea mizigo, kabla wazee wenye ujuzi hawajaondoka nao. Na msichana anayetembea mbali kwenda sekondari awe wa kwanza kupewa baiskeli, kwa sababu historia ilimruka mama yake.

Jambo hili lina haraka. Aprili 2024 mafuriko makubwa yalifunika tena mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, na mwanzoni mwa Mei mvua za Kimbunga Hidaya zikaikata barabara kuu huko Somanga. Serikali ikahimiza tena wananchi wa mabondeni wahamie maeneo ya miinuko na viwanja vikapimwa. Ni ushauri wenye busara, kama ulivyokuwa mwaka 1968. Ila safari hii tunajua kinachofuata: shamba litabaki bondeni, na kila asubuhi mtu atashuka kulifuata. Kwa hiyo mpimaji anapochora ramani ya makazi mapya, achore kwanza njia ya kushukia shambani, aipe upana, aiwekee karavati zake na aiingize katika bajeti ya mwaka huohuo, kisha ndipo agawe viwanja. Vizazi viwili vya wakulima wa Ikwiriri vimekwisha kulipa deni lisilo lao. Cha tatu kisilipe.